Dozi isiyoshika: kisa cha mgonjwa aliyeambiwa anadanganya

Kisa hiki ni cha mgonjwa mmoja tuliyekwenda naye karibu miaka miwili katika kliniki ya methadoni, dawa ya kunywa ya kutibu uraibu wa heroini. Jina, umri, kazi na mambo ya familia nimeyageuza ili asitambulike. Dozi, mfuatano wa matukio na makosa yetu nimeyaacha yalivyokuwa. Mimi nilikuwa mshauri nasaha wake, na kosa kubwa kati ya yatakayosimuliwa hapa ni langu. Mwenyewe alisomewa andiko hili akaridhia, kwa sharti kwamba nisimpambe.

Alikotokea

Nitamwita Fundi. Ni mwanamume wa miaka thelathini na kitu, mchomeleaji wa vyuma, anaishi kwa dada yake mkubwa. Heroini alianza kwa kuvuta akiwa na miaka 22, ikiwa imechanganywa na bangi. Kwa miaka mitano alivuta tu. Mwaka wa sita akahamia sindano.

Nilipomuuliza kwa nini alihamia, nilitegemea aniambie habari ya starehe. Alinijibu kwa hesabu: akijidunga, kete moja inamfanyia kazi ya kete mbili. Jibu hili nimelisikia kwa wengi. Walio nje hudhani mtu hushika sindano kwa uroho wa raha, kumbe mara nyingi anabana matumizi, na huku anafungua mlango wa virusi vya ukimwi, homa ya ini na majipu ya mshipa.

Hata stimu hakuwa anaipata tena. "Natumia ili nisimame," ndivyo alivyosema. Zikipita saa 8 hadi 12 bila kitu, arosto inaingia: miayo isiyokatika, machozi na kamasi, vinyweleo kusimama, tumbo kuvuruga, na miguu inayorusharusha usiku kucha kama si yake. Alikuwa amejaribu kuacha mwenyewe mara nne. Mara zote alishindwa kabla siku ya tano haijafika, yaani pale pale ambapo kibaya zaidi kilikuwa kinaelekea kupita. Hakuna aliyekuwa amemweleza kwamba arosto ya heroini hupanda siku ya pili na ya tatu, kisha huanza kulegea.

Wiki tatu za kusafishwa

Ndugu walikaa kikao. Wakaamua apelekwe kituo cha kulala ambacho hakitumii dawa yoyote ya kundi la heroini: unaingia, arosto inakupiga, unapona au unakimbia. Dada yake alisema walitaka "awe msafi kabisa." Siwalaumu. Kwa mtu aliyeibiwa redio, simu na hadi vyombo vya ndani, neno "msafi" lina utamu wake.

Fundi hakukimbia. Siku ya tatu alitapika hadi nyongo. Siku ya nane alianza kula. Wiki ya tatu uso ulikuwa umejaa, analala saa nne au tano, anacheka. Alipotoka alipewa cheti na barua ya ruhusa yenye sentensi mbili: amemaliza, aepuke marafiki wabaya.

Barua haikusema kwamba mwili wake sasa haukuwa tena ule ulioingia. Mtu anayetumia heroini kila siku mwili wake huizoea; kipimo kinachomfanya yeye asimame kinaweza kumuua asiyetumia. Mazoea hayo huanza kupungua ndani ya siku chache za kuacha, na ya kituo cha kupumulia kwenye ubongo hayasubiri mtu apate akili mpya. Baada ya wiki tatu, Fundi alikuwa na hamu ya mtumiaji wa miaka minane na mwili unaokaribia wa mgeni. Hao ndio wanaokufa: waliotoka kusafishwa, waliotoka gerezani, waliolazwa wodini mwezi mzima kwa ugonjwa mwingine. Wiki za kwanza nje ndizo mbaya kuliko zote.

Siku ya tano nje

Alikutana na mwenzake wa zamani. Akanunua kipimo kile kile cha zamani, akaingia nacho bafuni kwa dada yake.

Huyo mwenzake ndiye aliyeshtuka. Alisikia sauti aliyoijua, mkoromo wa mbali unaogugumia kama maji yanayotoka kwenye chupa yenye mdomo mwembamba, halafu kimya kirefu, halafu mkoromo tena. Akavunja komeo. Midomo ya Fundi ilikuwa ya kijivu, kucha za kijivu, mboni za macho zimebana zikawa kama ncha ya sindano. Dada mtu alikuja na ndoo akammwagia maji. Yule mwenzake alimsukuma dada pembeni, akamlaza Fundi chali, akainua kidevu kichwa kirudi nyuma, akabana pua, akaanza kumpulizia pumzi mdomoni, moja kila baada ya sekunde tano hivi. Alipuliza mpaka gari likapatikana, na ndani ya gari akaendelea kupuliza.

Nasisitiza hili kwa sababu pale nyumbani palikuwa na watu wanne, na aliyejua la kufanya alikuwa mmoja, yule ambaye barua ilisema aepukwe. Maji ya baridi, makofi, maziwa mdomoni, sindano ya maji ya chumvi: yote hayo ni kupoteza dakika. Anayekufa kwa heroini anakufa kwa kukosa pumzi, kwa hiyo anachohitaji ni pumzi, na naloksoni ikiwepo.

Hospitali walikuwa nayo. Naloksoni huing'oa heroini pale ilipojibanza kwenye ubongo, na mtu huanza kupumua ndani ya dakika chache. Fundi alizinduka akitukana, kwa maana aliamkia moja kwa moja kwenye arosto. Alitaka kuondoka, wakamzuia, na walifanya sawasawa: nguvu ya naloksoni huisha kati ya nusu saa na saa moja na nusu, na heroini iliyobaki mwilini inaweza kumrudisha chini. Kesho yake akaletwa kwetu.

Uamuzi wa kumwanzishia methadoni

Kikao chetu cha kwanza kilikuwa na njia tatu mezani: arudi kusafishwa, apewe ushauri tu akiwa nyumbani, au aanze methadoni. Hatukubishana sana. Kusafishwa peke yake kulikuwa kumeshaonyesha mwisho wake. Ushauri bila dawa kwa mtu anayejidunga kila siku ni kumwomba asikilize huku mwili unapiga kelele. Methadoni haikuwa jaribio: ilianza kutumika kwa matibabu ya uraibu mjini New York katikati ya miaka ya 1960, kwa kazi ya Vincent Dole na Marie Nyswander, na tangu 2005 imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani pamoja na buprenofini, dawa nyingine ya uraibu huu.

Dada hakukubali. "Mnamtoa kwenye unga, mnamwingiza kwenye unga wa hospitali."

Nilimjibu kwa maelezo ninayoyajua kwa moyo. Kwamba heroini inapanda na kushuka ndani ya saa chache, ndiyo maana mtu anaikimbiza mara tatu au nne kwa siku. Methadoni ya kunywa inapanda taratibu na kukaa siku nzima. Kwamba kwa dozi iliyotulia mtu hasinzii wala halewi, anaweza hata kushika mashine ya kuchomelea. Alinisikiliza kwa adabu, asikubali hata neno moja. Kilichombadilisha kilikuja wiki ya saba, asubuhi alipomwona mdogo wake anatoka na kinyago chake cha kuchomelea begani kabla hajaamshwa na mtu. Maneno yangu hayakuwa na kazi hapo.

Siku ya kwanza tulimpa miligramu 20, tukamkalisha saa tatu tukimwangalia. Methadoni hukaa mwilini zaidi ya siku moja, hivyo dozi ya leo inapanda juu ya mabaki ya jana, na ya kesho juu ya zote mbili. Anayeharakishwa anaweza kuwa mzima siku ya kwanza na ya pili akafa usingizini siku ya nne kwa dozi ile ile. Wiki mbili za mwanzo ni za kwenda polepole hata mgonjwa akilia.

Fundi alilia. Siku ya nne alisema haimfiki. Usiku wa siku ya sita alitumia heroini juu yake, na asubuhi akatuambia mwenyewe dirishani, pale wanaponywea dozi. Mwenzangu mmoja alitaka tumsimamishe ili "awe na adabu." Tukakataa. Mtu aliyesema kweli akafukuzwa hatasema kweli tena, na dozi ilikuwa kweli bado ndogo. Tuliendelea kupandisha miligramu 5 hadi 10 kila baada ya siku chache. Wiki ya sita alifika 80, usiku ukatulia. Kuanzia wiki ya tisa mkojo wake ulikuwa hauonyeshi heroini.

Katika wiki hizo tulimfundisha dada kutumia naloksoni, akapewa boksi la kuweka nyumbani. Yule mwenzake naye tulimfundisha. Tulimwalika ajiandikishe, akasema bado.

Chupa yenye mkojo wa rangi ya chungwa

Mwezi wa saba Fundi alianza kukohoa, kutoka jasho usiku, nguo zikampwaya. Alikwenda kupima kwingine, makohozi yakaonyesha kifua kikuu, akaanzishiwa dawa nne: rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli. Akaja akamwambia aliyekuwa dirishani siku hiyo. Aliyekuwa dirishani akaandika kwenye kadi: "ameanza dawa za TB." Alimhamishia mwisho wa foleni, kwenye hewa, akampa barakoa. Yote sahihi. Kadi ikarudi kwenye boksi.

Siku ya kumi hivi nilimwona asubuhi akipiga miayo. Akaniambia, "Dozi haishiki. Ikifika jioni nimekwisha."

Niseme nilichofikiri, maana bila hicho kisa hiki hakina faida. Sentensi ile ile nimeisikia kwa watu waliotaka dozi iongezwe ili nusu wakaitoe mdomoni na kuiuza. Nimeisikia kwa watu waliorudi kwenye heroini wakahitaji kisingizio cha macho yao. Miezi yote ile ya mkojo safi nikaisahau kwa miayo mitatu. Nikampa chupa, nikamwambia alete mkojo.

Aliirudisha imejaa. Mkojo ulikuwa wa rangi ya chungwa lililoiva, unang'aa. Nikauinua kwenye mwanga wa dirisha, nikamuuliza, mbele ya wenzake watatu waliokuwa kwenye benchi: "Umeweka nini humu?"

Hakujibu. Aliichukua ile chupa mkononi mwangu, akaiweka mezani taratibu kama mtu anayeweka chombo kinachovunjika, akatoka. Hakuja kesho yake, wala keshokutwa, wala mtondo.

Chupa ilikaa pale hadi mtaalamu wa maabara alipopita kukusanya sampuli. Hakuingia hata ndani. Akaitazama kutoka mlangoni, akasema, "Huyu yuko kwenye dawa za kifua, siyo?"

Rifampisini hugeuza mkojo kuwa rangi ya chungwa. Hugeuza na jasho na machozi. Kila anayefanya kazi na wagonjwa wa kifua kikuu analijua hilo, nami nilikuwa nimelisoma chuoni. Pia huamsha vimeng'enya vya ini vinavyovunja methadoni, hata dozi iliyokuwa ikikaa siku nzima ikaisha mchana. Jambo hili liliandikwa kwenye majarida ya tiba tangu 1976. Kwa kawaida huanza kuonekana ndani ya wiki ya kwanza au ya pili ya kutumia rifampisini, na Fundi alikuja siku ya kumi, kama vile kitabu kilivyomwagiza. Kipimo kikatoka: methadoni ipo, heroini hakuna.

Kumrudisha

Siku ya nne nilikwenda nyumbani pamoja na muuguzi, baada ya kumpigia dada simu na kuomba ruhusa. Fundi alikuwa ametumia heroini siku mbili kati ya hizo tatu. Amekaa ukutani, shuka begani, mguu unarukaruka.

Nikamwambia: nilikosea, na nilikosea mbele za watu. Zile dawa za kifua zinakula methadoni yako. Ulichosema kilikuwa kweli.

Alikaa kimya kidogo, akauliza, "Kwa hiyo sikuwa nadanganya?" Swali hilo lilinikaa. Alikuwa ameanza kujitilia shaka mwenyewe, kwamba labda uraibu ndio unaomsemea mwilini.

Maamuzi yetu kuanzia hapo yalikuwa haya. Kwa kuwa alikosa dozi siku tatu mfululizo, hatukumrudishia 80 mara moja. Tulianza na 40, tukimwangalia, na baada ya siku chache alikuwa amerudi 80. Tukapanda 10 kila siku tatu au nne. Kufika 130, asubuhi alikuwa mzima lakini saa kumi na moja jioni arosto ilikuwa palepale, dalili kwamba tatizo lilikuwa muda wa dawa kukaa mwilini zaidi ya wingi wake. Tukaigawa: 80 asubuhi, 50 jioni. Tulipima mapigo ya umeme ya moyo, kwa kuwa methadoni nyingi inaweza kuvuruga mwendo wa moyo, nayo yalikuwa sawa. Tuliulizia rifabutini, ndugu ya rifampisini isiyoila sana methadoni. Wenzetu wa kliniki ya kifua hawakuwa nayo.

Tukakubaliana nao dawa za kifua azimeze dirishani kwetu, pamoja na methadoni, akiangaliwa. Uamuzi huu ulikuwa wa mtu mmoja kutohangaika kliniki mbili, lakini ulileta faida ambayo hatukuipanga: katika miezi sita hakukosa kidonge hata kimoja. Methadoni ndiyo iliyokuwa ikimleta, na kifua kikuu kikapona mgongoni mwake.

Mteremko

Wengi hukumbuka kupandisha. Rifampisini inapokoma, ini husahau kazi ile ya ziada ndani ya wiki mbili hivi, na dozi iliyokuwa ikimtosha mtu ikawa kubwa mno, bila yeye kuongeza hata tone. Safari hii hatukusubiri miayo wala usingizi. Siku alipobakiza mwezi mmoja wa dawa za kifua, muuguzi aliandika tarehe ya mwisho kwa kalamu nyekundu juu ya jalada la kadi, na tarehe za kumkagua kila asubuhi: mboni, maneno, mwendo, usingizi.

Siku ya tisa baada ya kidonge cha mwisho, tukiwa tumeshashusha mara mbili, muuguzi alimwona amekaa kwenye benchi, kinyago cha kuchomelea mapajani, kidevu kinashuka, kinainuka, kinashuka. Alimwita, akaitika, ila kwa kuchelewa. Dozi ya jioni ikazuiwa, na kesho yake ikapunguzwa 20. Mwishoni alitulia kwenye 85, mara moja kwa siku.

Hakukuwa na king'ora wala gari la wagonjwa, na ndiyo maana jambo hili halisimuliwi. Mimi naliona kuwa kazi bora kuliko zote tulizomfanyia.

Alipo sasa

Imepita miezi tisa tangu amalize dawa za kifua. Anafanya kazi siku tano au sita kwa wiki. Katika muda huo ametumia heroini mara mbili, moja baada ya msiba, nyingine bila sababu anayoijua. Mara zote alisema kabla hajapimwa. Mishipa imepona isipokuwa mmoja wa mkono wa kushoto. Anaulizia kuanza kupunguza methadoni, na bado tunazungumza.

Uchambuzi

Nikiyaweka makosa mawili makubwa ya kisa hiki pamoja, naona ni kosa moja lililovaa nguo mbili. Kituo kiliona mtu ametulia, anacheka, kikasema amepona. Walisoma tabia njema, wasione mwili uliopoteza mazoea. Mimi niliona miayo na mkojo wa rangi ngeni, nikasema anadanganya. Nilisoma tabia mbaya, nisione ini linalofanya kazi kupita kawaida. Kwenye uraibu tumezoea mno kutafuta moyo wa mtu, kama amedhamiria au hajadhamiria, hata tunasahau kuwa ana ini. Mgonjwa wa kifafa akisema dawa yake haishiki, swali la kwanza ni "umeanza dawa gani nyingine?" Fundi alistahili swali hilo hilo.

Kuhusu kituo cha kulala, sisemi vifungwe. Kuna watu waliopata huko mapumziko, ratiba na marafiki ambao sisi hatuwezi kuwapa dirishani. Ninachodai ni kwamba kumtoa mtu heroini mwilini si matibabu kamili, ni mwanzo, na kwa anayejidunga mwanzo huo usipofuatwa na kitu unamwacha kwenye hatari kubwa kuliko aliyoingia nayo. Siku ya kutoka, mgonjwa na ndugu wanatakiwa kuambiwa wazi kwamba kipimo cha zamani sasa kinaua, kwamba asitumie peke yake nyuma ya mlango uliofungwa, na waondoke na naloksoni mkononi. Wapo wanaosema maneno hayo ni kumruhusu arudie. Fundi hakuambiwa, na alirudia.

Kadi yetu haikuwa na upungufu wowote. Taarifa iliandikwa siku ile ile, kwa mwandiko unaosomeka. Kilichokosekana ni mtu mwenye wajibu wa kuisoma. Tumebadili: dawa yoyote mpya inayotajwa dirishani inampata daktari au mfamasia kabla ya dozi inayofuata, na ukutani pale dirishani kuna karatasi yenye majina. Rifampisini, karbamazepini, fenitoini na baadhi ya dawa za virusi vya ukimwi kama efavirenzi na nevirapini: hizo zinakula methadoni. Flukonazoli: hiyo inaweza kuipandisha. Diazepamu na wenzake, pamoja na pombe: hizo zinashirikiana nayo kukata pumzi. Karatasi ni moja, imeandikwa kwa mkono, na imeshatusaidia kwa wagonjwa wengine wawili wenye kifua kikuu.

Kipimo cha mkojo nimejifunza kukiogopa kidogo. Kinafaa kikitumika kama kipimo cha sukari au cha shinikizo la damu, kutuambia tiba imefika wapi. Kikitumika kumnasa mtu, anayenaswa mara nyingi ni kliniki yenyewe. Nilikuwa na jibu mkononi, kwenye mwanga, lina rangi, nami nikaliuliza swali la polisi. Na kumuuliza mbele ya benchi lilikuwa kosa la pili juu ya la kwanza. Hata kama kweli angekuwa ameweka kitu, aibu ile haikuwa tiba ya chochote. Siku hizi maswali ya dozi tunauliza chumbani, mlango umefungwa.

Kutomfukuza wiki ya kwanza ndiko kulikotubeba. Naamini alikubali kurudi baada ya chupa ile kwa sababu mara moja huko nyuma alikuwa amesema kweli na hakuadhibiwa. Sina njia ya kuthibitisha, yeye mwenyewe anasema alirudi kwa sababu ya arosto. Huenda vyote viwili.

Kuna kipande cha nyuma zaidi ambacho hakikuwa mikononi mwetu. Kati ya kuvuta na kujidunga kulikuwa na miaka mitano. Katika miaka hiyo Fundi aliingia hospitali mara mbili, mara moja kwa kuungua mkono kazini, mara moja kwa jicho lililopigwa na cheche. Mara zote mbili, anasema, hakuna aliyemuuliza kama anatumia chochote. Swali la dakika moja, bila uso wa kuhukumu, lingeweza kumkuta akiwa bado hajashika sindano. Tunapozungumza kinga hukimbilia shuleni na kwenye mabango, na hayo yana nafasi yake, lakini wapo watu wazima ambao tayari wanatumia na wako mbele ya muuguzi, wanafungwa bandeji.

Ubishi uliobaki kati yetu ni wa methadoni kukoma lini. Wenzangu wawili wanaona Fundi yuko tayari kupunguza, kwa kuwa ana kazi na familia imemrudia. Mimi nasita. Ana vitu hivyo akiwa kwenye 85, na wanaoshuka mapema hurudi kwenye heroini kwa wingi, wakiwa na mwili usio na mazoea, yaani tunarudi bafuni kwa dada yake. Akitaka kweli, tutashusha kidogo kidogo, kwa miezi, na kila hatua awe na haki ya kusema turudi juu bila kuonekana ameshindwa. Kikao kijacho atakuwepo mwenyewe; viwili vilivyopita tulimjadili hayupo, jambo ambalo mwenyewe ametukumbusha.

Yule mwenzake aliyempulizia pumzi alikuja mwezi uliopita. Yuko miligramu 45, anapanda.

Naloksoni ya nyumbani haijawahi kutumika. Wiki iliyopita dada alikuja nayo, boksi lake halijafunguliwa, amelifunga kwenye kitambaa. Alikuwa ameona tarehe ya kwisha muda wake, akataka abadilishiwe.